Marekebisho Mia Kadhaa na Alasiri Moja ya Ijumaa

Mwishoni mwa mwaka 2023 nilikuwa nasimamia msimbo, yaani maandishi ya programu, wa mfumo wa mikopo uliotumiwa na vyama vya ushirika vya wakulima, mfumo ulioandikwa kwa lugha ya Python na watu wengi waliopokezana kwa miaka, kila mmoja na mazoea yake. Ofisi yetu ya Dar es Salaam ilikuwa imeamua kwamba kabla ya mwaka kwisha msimbo huo upitishwe kwenye linta, yaani programu inayousoma msimbo bila kuuendesha na kuonyesha palipo na dosari. Linta ya kwanza kabisa, aliyoitengeneza Stephen Johnson katika maabara za Bell nchini Marekani miaka ya 1970, ilikuwa ikionyesha tu, na kurekebisha kukabaki kazi ya mwandishi. Hizi za sasa hurekebisha zenyewe, na hapo ndipo mabishano yetu yalipoanzia.

Tulichagua linta iitwayo Ruff kwa sababu ya kasi yake. Oktoba ya mwaka huohuo lilikuwa limetoka toleo la 0.1.0, ambalo liliyagawa marekebisho katika mafungu mawili: yale yaliyohesabiwa kuwa salama, ambayo hayatarajiwi kubadilisha maana ya programu, na yale yasiyo salama, ambayo yanaweza kuibadilisha. Ukitoa amri ya --fix, linta inafanya ya fungu la kwanza tu. Ya fungu la pili inayaficha, inakutajia idadi yake chini kabisa ya skrini, na haiyagusi mpaka uongeze --unsafe-fixes kwa hiari yako. Mwenzetu mmoja aliyewahi kufanya kazi na lugha ya Ruby alisema jambo hilo si geni kwake, kwani RuboCop, linta ya lugha hiyo, ina -a kwa marekebisho salama na -A kwa yote, na kwamba amewahi kuona tofauti ya herufi ndogo na herufi kubwa ikiwalaza watu kazini.

Kijana tuliyemwachia kazi ya kuiweka linta hiyo alikuwa mwepesi na mwenye bidii, na alipoona kwamba dosari zilizopatikana zilikuwa mia kadhaa aliniuliza swali ambalo lilikuwa la haki kabisa: "Dada, kwa nini tusitoe amri moja yenye yote, tuendeshe majaribio, kisha tuendelee na mengine?" Jibu langu lilikuwa kwamba majaribio yetu yaligusa sehemu ndogo tu ya mfumo, na sehemu ya mikopo yenyewe, ambayo ndiyo iliyokuwa na umri mkubwa kuliko zote, karibu haikuwa na majaribio yoyote. Nikamwomba aongeze --diff kwenye amri ili mabadiliko yaonekane bila faili kuguswa, na alasiri ya Ijumaa tukakaa mbele ya projekta kuyasoma yale ya fungu la pili, tukiwa na chai na vitumbua vilivyokwisha kabla hatujamaliza faili la kwanza.

Mengi yalichosha tu. Kulikuwa na vigeu, yaani majina yanayobeba thamani ndani ya programu, vilivyopewa thamani kisha havikutumika tena, ambavyo linta ilitaka kuviondoa, na sababu ya kuitwa si salama ni kwamba maelezo yaliyoandikwa pembeni mwa mstari huweza kufutika pamoja nao. Tuliyapitia haraka. Kulikuwa pia na pale ambapo mtu alikuwa ameandika list(malipo)[0] ili kupata malipo ya kwanza, na linta ikapendekeza next(iter(malipo)), ambayo haijengi orodha nzima kwa ajili ya kitu kimoja. Pendekezo zuri, ila malipo yakiwa hayapo, njia ya zamani hutoa kosa liitwalo IndexError na mpya hutoa jingine, StopIteration, na mistari miwili chini yake palikuwa na except IndexError, sehemu inayolidaka kosa la kwanza tu, iliyomshughulikia mwanachama ambaye hajalipa chochote. Kijana aliliona hilo kabla yangu, na nilifurahi kwamba aliliona yeye.

Kisha tukafika kwenye kanuni ya E711. Kanuni hii inasema kwamba katika Python hulinganishi kitu na None, yaani alama ya kutokuwepo thamani, kwa alama mbili za usawa, bali kwa neno is, na kwa Python ya kawaida huo ni ushauri ambao hakuna anayeupinga. Mstari uliokuwa mbele yetu ulikuwa ndani ya hoja, yaani swali linalotumwa kwenye hifadhidata, ya kutafuta mikopo ambayo bado haijamalizwa kulipwa, na ulisomeka hivi: filter(Mkopo.tarehe_ya_kumaliza == None). Linta ilitaka uwe filter(Mkopo.tarehe_ya_kumaliza is None). Kwenye projekta tofauti yenyewe ilikuwa ndogo mno, alama mbili nyekundu na neno moja la kijani.

Tulikuwa tukitumia SQLAlchemy, maktaba ya Python ya kuzungumza na hifadhidata, nayo imeibadilisha kwa makusudi maana ya alama ya usawa kwenye safu za hifadhidata. Ukiandika == None, haikupi kweli wala si kweli; inakujengea kipande cha SQL, lugha ya kuuliza hifadhidata, kinachosema IS NULL, yaani "ni tupu", ambacho kitatumwa kwenye hifadhidata baadaye. Lakini neno is halibadilishwi maana na maktaba yoyote. Python inalijibu papo hapo, kabla hifadhidata haijasikia lolote: je, safu hii ni None? Hapana, ni safu. Kwa hiyo kinachoingia ndani ya filter ni False tupu, SQLAlchemy inaikubali kwa heshima zote, na hoja inayotoka ni ya kutafuta mikopo ambayo sharti lake haliwezi kutimia hata siku moja. Hakuna kosa litakalotokea. Ripoti ya mikopo iliyo wazi itatoka tupu kila asubuhi, ujumbe wa kuwakumbusha wakulima hautatumwa, na meneja wa chama atadhani kwamba mwaka huu watu wamelipa vizuri.

Niliomba tuufungue ufafanuzi wa kanuni hiyo, na sababu ilikuwa imeandikwa waziwazi: rekebisho si salama kwa kuwa kuna maktaba zinazoibadilisha alama ya usawa. Kijana akakaa kimya kidogo, kisha akasema, "Basi yale yaliyo salama hayana haja ya kusomwa." Wote mezani tuliona ni hoja ya busara, maana ikiwa chombo kimejihadhari kiasi hiki kwa E711, kwa nini tukitilie shaka kwa mengine? Ikakubaliwa kwamba fungu la kwanza liingizwe kwenye tawi la majaribio jioni ileile bila kusomwa mstari kwa mstari.

Jumatatu, mtunza hifadhidata wetu, mtu mzima ambaye sote tulimwita Mzee ingawa mwenyewe hakulipenda jina hilo, alikuwa anaongeza safu moja kwenye jedwali la malipo. Tulikuwa na Alembic, ambayo huyalinganisha majedwali yaliyotangazwa kwenye msimbo na yale yaliyomo kwenye hifadhidata, kisha huandika yenyewe faili la mabadiliko. Alitoa amri yake ya kawaida kwenye tawi la majaribio, akalifungua faili lililozaliwa, akaniita bila kuinua macho. "Dada, njoo. Hawa wanachama wamekukosea nini?"

Faili lilikuwa na op.drop_table ya wanachama, op.drop_table ya mikopo, op.drop_table ya malipo, na mengine yakifuatana nyuma yao. Safu aliyotaka kuiongeza haikuwamo.

Hatukuchukua muda kuipata sababu. Katika faili la env.py la Alembic palikuwa na mistari iliyoingiza moduli za majedwali yetu bila kuzitumia popote ndani ya faili hilo, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kuzisoma tu ili majedwali yajiandikishe kwenye orodha ya SQLAlchemy. Kwa macho ya linta hicho ni kitu kilichoingizwa bure, kanuni ya F401, na kukiondoa kumehesabiwa kuwa salama. Faili za __init__.py peke yake ndizo zinazohadhariwa, kwa sababu huko kuingiza kitu huweza kuwa njia ya kukitoa kwa wengine. Faili letu halikuwa na jina hilo. Mistari ikaondolewa, orodha ikabaki tupu, na Alembic ikaamua kwamba majedwali yote hayatakiwi tena.

Hakuna kilichopotea, kwa sababu Mzee huwa anasoma kila faili la mabadiliko kabla ya kuliendesha, desturi aliyokuwa nayo kabla sisi wengine hatujajua Python ni nini. Na bado naamini kwamba linta haikukosea. Ilihukumu kwa kanuni za lugha, na kwa kanuni hizo mistari ile haikuwa na kazi. Kazi yake ilikuwa makubaliano kati ya maktaba mbili, na makubaliano hayo hayakuandikwa popote ndani ya faili lile.

Mchana ule tuliirudisha mistari ya env.py, tukaiwekea noqa: F401, alama inayoiambia linta iiache mistari hiyo, pamoja na sentensi ya Kiswahili inayoeleza kwa nini ipo. Katika pyproject.toml, faili la mipangilio, tukaongeza extend-unsafe-fixes yenye F401, hatua inayoihamishia kanuni hiyo kwenye fungu la pili, ili linta iendelee kuitaja lakini isiifute mpaka mtu aseme. Kijana alipinga kidogo. Aliona kwamba tunaadhibu mamia ya faili kwa kosa la moja, na kwamba sasa vitu vilivyoingizwa bure vitajaa tena kama zamani. Hakuwa amekosea pia, na tulikubaliana kwamba kanuni hiyo irudi kwenye fungu lake pindi majaribio ya sehemu ya mikopo yatakapoandikwa.

Mistari ya E711 ilimalizika Januari. Iliyogusa hifadhidata tuliibadilisha kwa mkono kuwa .is_(None), namna ambayo SQLAlchemy inaielewa na linta haina la kusema juu yake. Iliyohusu vigeu vya kawaida tukaiachia linta kwa --unsafe-fixes, kanuni hiyo moja, faili baada ya faili. Folda ya ripoti za zamani tuliitoa kwenye linta kabisa. Aliyeziandika alikuwa ameshaondoka, na hata Mzee hakuwa tayari kuapa ni alama gani ya usawa mle ndani iliyokuwa na maana ya kawaida.