Páleč alilia

Wiki hii yote kichwani nina mtu mmoja tu, Štěpán Páleč. Sio Hus. Hus tunamjua wengi, yule padre wa Praha aliyechomwa moto kama mzushi kule Konstanz, Ujerumani, tarehe 6 Julai 1415, habari zake ukizisoma lazima roho ikuume. Mimi safari hii nimejikuta nasoma za upande wa pili, za wanateolojia Wakatoliki walioshika kalamu kumpinga yeye na wafuasi wake, nikitegemea kukuta watu wa mbali wasiomjua hata sura, kumbe mmoja wa waliompinga kwa ukali kabisa, huyu Páleč, alikuwa rafiki yake.

Rafiki kweli kweli. Walikuwa pamoja Chuo Kikuu cha Praha, wote wamevutiwa na maandishi ya John Wyclif, mwanateolojia wa Uingereza aliyehesabiwa mzushi, wakiongozwa na Stanislav wa Znojmo ambaye alikuwa mwalimu wa Hus. Mwaka 1408 Páleč na Stanislav walikuwa njiani kwenda kwa papa kujibu mashtaka ya huo huo u-Wyclif, wakakamatwa Bologna, na aliyewaweka ndani ni kardinali Baldassare Cossa. Waliporudi nyumbani hawakuwa walewale. Siwezi kuwahukumu, kufungwa kunabadilisha mtu.

Halafu ikaja 1412. Cossa yuleyule sasa anajiita Papa Yohane XXIII (zilikuwa enzi za mapapa watatu kwa mpigo, kila mmoja na watu wake), akatangaza rehema (yaani kuondolewa adhabu ya dhambi) kwa watakaochangia vita yake dhidi ya mfalme wa Napoli. Hus akasimama akakataa hadharani. Páleč ndiye alikuwa mkuu wa kitivo cha teolojia, na msimamo wake ukawa kwamba agizo la papa halipingwi. Basi urafiki ukakatika hapo. Hus aliandika kwamba Páleč ni rafiki na ukweli nao ni rafiki, ila kati ya hao wawili ni jambo takatifu kuutanguliza ukweli. Sentensi hiyo nimeisoma sijui mara ngapi.

Mwaka uliofuata Páleč akafukuzwa Bohemia (Ucheki ya leo) na mfalme, na katika miaka hiyo ndio akaandika vitabu vyake dhidi ya Hus, kimoja kuhusu Kanisa na kingine kinaitwa Antihus, yaani jina la rafiki yako ndio linakuwa jina la kitabu cha kumpinga. Hoja yenyewe haikuwa ndogo jamani. Hus alisema Kanisa hasa ni jumla ya wale Mungu aliowachagua tangu milele, kwahiyo papa anayeishi vibaya anaweza asiwe hata kiungo chake. Páleč na wenzake wakajibu kwamba Kanisa la Roma lina kichwa kinachoonekana, papa, na makardinali ndio mwili. Ninavyomuelewa mimi, alikuwa anaogopa kitu cha kweli kabisa, kwamba kama aliyechaguliwa anajulikana na Mungu peke yake, mkristo wa kawaida atajuaje amfuate nani kesho asubuhi?

Na kuna Jean Gerson, mkuu wa Chuo Kikuu cha Paris. Mwaka 1414 Praha walikuwa wameanza kuwapa walei, waumini wa kawaida, kikombe cha divai kwenye Komunyo, Jakoubek wa Stříbro ndiye aliyeanzisha, na Juni 1415 Mtaguso wa Konstanz, ule mkutano mkuu wa Kanisa uliomhukumu Hus, ukapiga marufuku. Gerson mwaka 1417 akaandika kuutetea uamuzi ule, na pamoja na teolojia yake nzito (kwamba Kristo yupo mzima katika umbo la mkate peke yake) akaweka pia hofu ndogo ndogo, kwamba divai itamwagika, itashika kwenye ndevu za wanaume, itageuka siki. Nilipofika hapo nikaweka kitabu chini. Mimi nagawa Komunyo parokiani kwetu na kila Jumapili mkono unatetemeka nisije nikadondosha chembe, ile hofu naijua. Lakini kwa hofu hiyo hiyo watu walikatazwa kikombe ambacho Bwana alisema nyweni nyote, na ndani ya Kanisa letu kwa walei wengi kikombe kilibaki mbali mpaka Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipofungua tena mlango kidogo. Inaniuma kwa pande zote mbili.

Kuongea vizuri Kanisa na wafuasi wa Hus walikuja kuongea baadaye sana, kwenye Mtaguso wa Basel mwaka 1433, baada ya jeshi la msalaba lililotumwa kuwapiga wafuasi hao kukimbia kule Domažlice, Bohemia, miaka miwili nyuma. Rokycana wa upande wa Hus akatetea kikombe, Yohane wa Ragusa wa upande wa Mtaguso akamjibu siku nane, Wacheki wakakasirika kusikia neno mzushi linarudiwa rudiwa mbele yao. Ila walikuja na wakarudi kwao wazima.

Hus hakurudi. Hus akiwa gerezani Konstanz, anaumwa, Páleč alikuja na makamishna wa Mtaguso akamwambia kwamba tangu Kristo azaliwe hajatokea mzushi hatari kuliko yeye, ukimtoa Wyclif. Na bado Hus alipoambiwa aungame aliomba aletewe Páleč huyohuyo, akasema ndiye mpinzani wangu mkubwa, nataka niungame kwake. Wakamletea mmonaki mwingine. Ila Páleč akaja baadaye, akamsihi akane tu makosa yake, aibu isimzuie. Hus akamuuliza, wewe ungefanyaje kama ungeambiwa ukane makosa ambayo unajua kabisa hujawahi kuyashika? Páleč akasema ni ngumu, akaanza kulia.

Na Hus, huyu anayesubiri moto, akamuomba msamaha Páleč kwa neno lolote la kumuumiza, hasa kwa sababu aliwahi kumuita kwenye maandishi mtunga uongo. Neno moja tu. Yote aliyofanyiwa na bado alikuwa analikumbuka lile neno lake.

Mimi na mwenzangu mmoja wa kwaya hatujasalimiana tangu mwaka jana, na yapo maneno niliyomwandikia kwenye grupu mbele ya watu wote, mambo ya msingi tu nilidhani, na kwenye hoja bado naona nilikuwa sahihi. Jana usiku nilipandisha juu mpaka nikayakuta nikayasoma tena. Kuna moja pale halikuwa hoja.