Kitenzi "run" kikifika Lamu

Vijana wengi wanaotembeza wageni hapa Lamu hujifunza Kiingereza gatini na majahazini kabla ya kukikuta vitabuni, na kitenzi kinachowatatiza kuliko vingine si kirefu wala si kigumu kutamka: ni "run". Kila mmoja anajua kwamba maana yake ni kukimbia, ila wenye lugha yao hukitumia sana mahali ambapo hakuna mguu hata mmoja unaokimbia.

Peter Gilliver, mmoja wa wahariri wa kamusi kuu ya Oxford, alikishughulikia kitenzi hicho kwa miezi 9 na kukihesabia maana 645. Idadi hiyo isimtishe mtu, kwani nyingi kati ya maana hizo, kwa maoni yangu, zimechipuka kutoka wazo moja, la kitu kinachokwenda pasipo kukatizwa. Bomba likitiririsha maji, injini ikinguruma, mkataba wa pango ukiendelea hadi Desemba, leso mpya ikichuja rangi, na hata Usita wa Mui, njia kuu ya mji wetu, ukipita sambamba na ufuo, Mwingereza anatosheka na "run", ilhali sisi tunampa kila mtenda kitenzi chake. Kwa hiyo mimi huwashauri vijana wasikariri orodha ya maana, bali watazame kwanza ni nani au ni nini kinachotenda. (Mgeni anayejifunza Kiswahili naye ana mtihani wake katika "piga", maana kwetu hupigwa simu, pasi, picha, hodi na mbizi.)

Baharini ndiko neno hili linakopendeza zaidi. Chombo kinachosukumwa na upepo wa nyuma husemwa kwamba kina-"run", na kikikwama chini, kitenzi ni hicho hicho, kikiongezewa neno moja tu. Nahodha wa hapa hawezi kuridhika na usemi huo, kwa kuwa kwake kupanda mwamba na kupwelewa ni mambo mawili: aliyepwelewa huketi akasubiri maji yajae, lakini aliyepanda mwamba huenda akahitaji fundi.

Wenye Kiingereza wenyewe kwa wenyewe pia hawakubaliani. Mgombea wa Marekani "hukimbia" katika uchaguzi, wa Uingereza "husimama", na sioni kwamba anayesimama hushindwa kwa ajili hiyo.

Ugumu wa kweli, hata hivyo, huanza pale kitenzi kinapofuatwa na neno dogo. Kwa "run out", Kiingereza humfanya mwenye nyumba kuwa ndiye aliyefikia kikomo, ilhali Kiswahili huiachia sukari yenyewe itende: sukari imeniishia. Kijana anayetafsiri neno kwa neno hudhani kwamba mgeni ametoka nje mbio, kumbe anaomba kuletewa chai yenye sukari. "Run over" ni kugonga kwa gari, na katika mji ambao vichochoro vyake havipitishi gari hatuna haja nalo sana. "Run into" lina maana mbili, kugongana na mtu au kukutana naye kwa bahati, na mgeni akilisema kuhusu punda wa hapa, itambidi msikilizaji aulize kama kuna aliyeumia.