Mwaka wa Aluru

Juzi binamu yangu alituma ujumbe kwenye grupu la familia: weka elfu mbili, lete watu wawili, Ijumaa una elfu nane mfukoni. Kimya. Mama, ambaye kuandika kunamchosha, ndiye pekee aliyejibu, kwa sauti. Kicheko kirefu, kisha neno moja: "Aluru."

Wa kwetu walielewa. Mwaka 2013 Kenya ilipagawa na kware. Kiyai kidogo chenye madoadoa kiliuzwa hata shilingi 100, eti kinatibu presha, sukari, pumu na, kama kawaida, nguvu za kiume. Huku upande wa Kisumu wazee walicheka, maana aluru, yaani kware kwa Kiluo, walikuwa wakiwatega bure tangu zamani: unamtundika mmoja ndani ya tundu juu ya mti mrefu, anaita, wenzake wanakuja kunaswa chini. Sasa ndege huyohuyo anataka kibali cha KWS, shirika la wanyamapori!

Baba mdogo alikipata kibali. Akauza ng'ombe, akanunua mashine ya kuangulia mayai, vizimba vikajaa hadi sebuleni. Pesa ziliingia kweli, nisimsingizie. Alinunua pikipiki. Kila akipita soko la Kibuye, kwenye kibanda cha mama cha omena, wale dagaa wa ziwani, alimtania, "Shemeji, wewe utazeeka ukinuka omena."

Kisha kila mtu akawa na kware.

Ninayoikumbuka ni Jumapili moja ya 2014, siku Kibuye inapofurika hadi barabarani. Mama ameketi juu ya debe lililopinduliwa, ungo mapajani, anapepeta omena kutoa mchanga na vigamba vya konokono. Kuna wauzaji waliokuwa wakigonga kitako cha gorogoro, kopo la kupimia, kikaingia ndani, ili kipimo kijae haraka. Ya mama ilikuwa bapa, na kabla ya kupima aliigeuza mteja aone. Sioni kama ilimwongezea wateja.

Baba mdogo akatokea kwa miguu, trei za mayai zimefungwa pamoja kwa mpira wa baiskeli. "Shemeji, niuzie haya. Bei yoyote."

Mama akasogeza gunia, akampa nafasi. Mteja mmoja wa omena akaokota yai, akaligeuzageuza, akauliza bei.

"Shilingi tano."

Mteja yule akalirudisha kwenye trei kwa uangalifu, kama mtu anayerudisha mtoto wa wenyewe. "Haya hata mimi ninayo nyumbani. Nipimie omena."

Baba mdogo alisimama kidogo, mikono haijui pa kwenda. Halafu akachukua ungo wa pili, akachuchumaa, akaanza kupepeta. Alipepeta vibaya sana. Omena ziliruka zikaangukia viatu vya wapita njia. Mama hakucheka. Alimshika kiwiko. "Usirushe juu, shemeji. Tikisa kando, mchanga utashuka wenyewe." Walikaa hivyo hadi jioni, na usiku sote tulikula mayai ya kware. Kuyamenya ni adhabu.

Baadaye vizimba vilihamia kwa kuku, na kuku wakamweka mjini hadi leo. Sisi omena zilitulipia karo, mwaka baada ya mwaka, na magoti ya mama yakalipa sehemu yake. Nikitaka kuwahubiria vijana kuhusu jasho, nikiyaangalia yale magoti maneno hunipungua. Tena walioanza mapema na kware walijenga. Nawajua.

Baada ya ule ujumbe nilimpigia mama, nikamsifu kwa kutoingia kwenye kware.

"Nani kakwambia sikutaka? Pesa nilikuwa nimezifunga kwenye leso. Lakini wiki ile hakukuwa na mwezi." Usiku wa giza taa za wavuvi huvuta omena nyingi, bei ikaanguka. "Nikanunua magunia, pesa ikaisha."

"Na kama mwezi ungekuwa mpevu?"

"Ningenunua mashine mbili."