Sina swali, nina habari

Ukienda kwenye mhadhara wa wazi chuoni, tafuta kiti cha nyuma karibu na mlango. Si kwa ajili ya kutoroka, ingawa hilo nalo lina faida yake. Huko nyuma ndiko wanakokaa wasiotumiwa kadi: wastaafu wa bandarini, mawakala wa forodha waliotoka kazini na vitambulisho vingali shingoni, wanafunzi waliofuata ubaridi wa kiyoyozi, na sisi wengine tusio na cheo cha kutajwa. Mbele kuna makochi, chupa za maji na watu wanaotazama saa.

Jana jioni mada ilikuwa vita na usalama wa Bahari ya Shamu. Mimi hushika vitabu vya hesabu katika ghala la chai huku Shimanzi, Mombasa, kwa hiyo bahari hiyo naijua kwa njia moja tu, ile ya karatasi. Nilifunga ofisi, nikakamata tuktuk, nikafika wakati msemaji anatambulishwa. Utambulisho ulikuwa mrefu. Shahada zote zilisomwa.

Alikuwa mtafiti mgeni, mtu wa adabu, na kazi yake anaijua. Alitueleza jinsi Wahouthi, kundi lenye silaha la Yemen, walivyoiteka meli ya Galaxy Leader tarehe 19 Novemba 2023 kwa helikopta, wakisema wanafanya hivyo kwa ajili ya Gaza, na jinsi mabaharia wake 25 walivyoachiwa Januari 2025 tu. Alitaja Rubymar, iliyopigwa Februari 2024 ikazama mwezi uliofuata na shehena yake ya mbolea. Alitaja True Confidence, ambako mabaharia watatu waliuawa, Wafilipino wawili na Mvietnam mmoja. Hapo alinyamaza kidogo, nikampenda kwa hilo. Mabaharia wanaokufa katika vita hivi mara nyingi si raia wa nchi yoyote inayopigana.

Kilichonikera ni ramani yake. Mshale mnene ulitoka Shanghai, ukapita Bab el-Mandeb, ule mlango mwembamba wa bahari kando ya Yemen, na Mfereji wa Suez, ukaishia Rotterdam. Mshale wa pili ulishuka kusini, ukazunguka Rasi ya Tumaini Jema, ukapanda tena hadi hukohuko Rotterdam. Na pwani yote, kuanzia Kismayu mpaka Sofala, ilipakwa kijivu bila hata nukta moja. Mimi nilikuwa nimekaa ndani ya kijivu hicho, na ukumbi mzima pamoja nami.

Basi mfawidhi akashika maikrofoni, kijana mtanashati, akatangaza dakika kumi za maswali. Mafupi, tafadhali. Mhadhara ulikuwa umekula saa nzima na ushei.

Aliyeanza ni wakala mmoja wa kutoa mizigo. Aliomba ruhusa kuuliza kwa Kiswahili, kana kwamba Kiswahili kinahitaji ruhusa Mombasa. Akasema: mizigo ya wateja wake inatoka China, inakuja moja kwa moja kupitia Bahari ya Hindi, Bahari ya Shamu haiioni hata kwa darubini. Magari ya Japani vilevile. Mbona basi nauli ya kasha ilipanda, na mteja akamwona yeye ndiye mwizi?

Swali hilo ndilo lililouamsha ukumbi. Msemaji akaliacha jukwaa, akasogea mbele, akajibu vizuri kuliko alivyohutubia. Meli inayozunguka Rasi, akasema, huongeza siku 10 hadi 14 kila upande. Kampuni iliyoahidi kufikisha mzigo Ulaya kila wiki lazima iongeze meli ili ahadi itimie. Meli hizo hazizuki. Huvutwa kutoka njia nyingine, na njia zenye mzigo mdogo kama yetu ndizo huguswa mwanzo. Makasha matupu nayo hukawia kurudi Asia, kwa hiyo hata aliye na mzigo tayari hana cha kuutilia. Ongeza bima na mafuta. Bi mmoja wa makamo jirani yangu akanigeukia, akanong'ona: "Si ndiyo matatu shule zikifunguliwa? Zote zimekodiwa kupeleka watoto bara, na wewe unayekwenda Kongowea tu unalipishwa maradufu." Nilicheka mpaka tukatazamwa.

Mwanafunzi mmoja akauliza kuhusu intaneti, kwani Februari 2024 nyaya kadhaa za chini ya Bahari ya Shamu zilikatika, ukiwemo wa SEACOM unaotua hapa Mombasa tangu 2009. Jibu lilikuwa la haraka: inaaminika ni nanga ya Rubymar iliyokuwa ikiburutwa, na kutengeneza waya mahali panaporushwa makombora hutaka vibali vya watu wasiosemezana.

Kisha akasimama mzee mmoja mwenye kofia ya kito na bakora. Hakungoja maikrofoni.

"Swali lako, mzee wangu," mfawidhi akamwambia.

"Sina swali. Nina habari."

"Tafadhali, mzee, muda wetu..."

"Mwanangu, mimi nimefanya kazi Kilindini kabla hujazaliwa. Nipe kidogo."

Akapewa. Akasimulia MV Faina. Meli hiyo ya mizigo ilitekwa na maharamia wa Kisomali Septemba 2008 ikija Mombasa, na ndani yake mlikuwa na vifaru 33 aina ya T-72. Nahodha wake alifariki meli ikiwa ingali mikononi mwa watekaji. Ilikaa miezi, ikakombolewa kwa fedha zilizoripotiwa kuwa dola milioni 3.2, ikatia nanga hapa Februari 2009. Mzee alikuwa zamu wiki hiyo. Alieleza jinsi waandishi walivyojazana, jinsi wakubwa walivyokuja na miwani myeusi, na jinsi yeye na wenzake walivyoambiwa wasiseme neno. Serikali ilisema vifaru ni vya jeshi la Kenya. Wengi walisema ni vya Sudan Kusini, ambayo wakati huo haijawa nchi, na nyaraka za kibalozi za Marekani zilizovuja baadaye ziliwaunga mkono hao wengi.

"Kwa hiyo mwalimu," akamwambia msemaji, "unaposema vita viko kule, mimi nimeviona vikishushwa kwa kreni hapa. Ndiyo habari yangu." Akaketi.

Watu walipiga makofi kuliko walivyompigia mgeni. Mfawidhi akashukuru, akasema muda umekwisha, na chakula cha wageni kiko tayari ukumbi wa pili.

Nimelala nikiliwaza hili. Mji huu haujaanza jana kusikiliza. Magharibi kwa isha misikiti imejaa darsa, na barazani watu hujadili Ukraine na Gaza mpaka kahawa ipoe. Profesa Ali Mazrui mwenyewe, yule msomi wa siasa mzaliwa wa hapa, kabla hajawa profesa wa mtu yeyote, alikuwa karani katika taasisi ya elimu ya Waislamu pale Tudor, ambayo leo ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Matokeo yake ya shule hayakuwa ya kumpeleka mbali. Akasimama kuhutubia siku ya Maulidi, gavana wa kikoloni Philip Mitchell akiwepo, na hotuba hiyo ikamfungulia njia ya kusoma Uingereza. Mwaka 1979 alikuwa akitoa mihadhara ya Reith, ile maarufu ya kila mwaka, katika redio ya BBC. Yaani mtu aliyekwenda kuuhutubia ulimwengu aligunduliwa kwa sababu karani aliachiwa aseme. Sasa sisi makarani tunapewa dakika kumi, tena kwa sharti la alama ya kuuliza mwishoni.

Mimi ningependa mambo yageuzwe. Mgeni asemee nusu saa, kisha watu waitwe kama mashahidi. Chuo hakitapungukiwa na heshima kwa kumwita mtu wa kreni, wakala wa forodha au mke wa baharia. Wanaojua kwa vitabu na wanaojua kwa mikono wakae meza moja, na aje mtu wa kuandika yanayosemwa. Nauli na posho za wageni zinapatikana. Posho ya mzee wa Kilindini ni nauli ya tuktuk.

Mkono wangu nao ulikuwa juu, haukuonekana. Nilitaka kusema habari ya chai. Mnada wa Mombasa huuza chai ya Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Malawi na kwingineko. Mnunuzi mkubwa ni Pakistan, na meli ya Karachi haina haja ya kupita Bab el-Mandeb. Lakini Misri na Sudan pia ni wanywaji wetu wa siku nyingi. Tazama ramani: Port Sudan iko ndani ya Bahari ya Shamu yenyewe. Ukiukwepa mlango wa Yemen, chai hiyo itabidi izunguke Afrika yote, iingie Mediterania, ishuke Suez, ndipo ifike kwa jirani yetu.

Juu ya hayo, Sudan ina vita vyake tangu tarehe 15 Aprili 2023. Februari 2025 RSF, kundi la wapiganaji linalopigana na jeshi la Sudan, na washirika wake walikutana Nairobi kutia saini mkataba wa kuunda serikali yao. Machi serikali ya jeshi, iliyokuwa imehamia Port Sudan, ikapiga marufuku bidhaa za Kenya. Mkutano wa siku chache hotelini na ukumbini Nairobi, na sisi ghalani tukabaki na mizigo iliyokwisha kununuliwa, alama za mteja zimeshapigwa kwenye magunia. Meneja alishinda kwenye simu. Vibarua wa kupakia walikaa wiki bila kazi, nao hawalipwi kwa mwezi.

Nilimfuata msemaji kwenye ujia akielekea chakulani, nikamwambia haya kwa ufupi. Alisimama. Akatoa daftari. Akaniuliza mzigo huo uliishia wapi, nikamwambia mwingine uliuzwa upya kwa bei ya kutupa, mwingine ulingoja. Akaandika. Akaniomba nambari ya simu ili tuzungumze kwa kituo kabla hajaondoka Jumamosi. Nikampa, ila nikamwambia aanze na yule mzee wa Faina. Jioni yuko barazani kwake Kibokoni, na nitampeleka mwenyewe.