Siku Saba Kapadokia na Goti la Mama

Mama alilijua jina la Kapadokia, eneo lililo katikati ya Uturuki, kabla sijazaliwa. Kila Pentekoste hulisikia kanisani, kwenye ile orodha ya watu waliowasikia mitume wakisema kwa lugha zao. Alipostaafu nikamuuliza angependa kwenda wapi, naye hakufikiri hata kidogo. Tatizo likabaki goti lake la kulia. Kutembea anatembea, mradi apumzike mara kwa mara. Ngazi za kushuka ndizo zinazomtesa, kuliko hata za kupanda.

Safari za makundi niliziacha mapema. Basi likisimama dakika arobaini mahali panapohitaji saa mbili, mtu mwenye goti bovu huona maegesho na choo, basi. Nikaamua tuwe na gari letu na dereva wetu kwa siku saba, tuanzie Konya, tupite Kapadokia, tumalizie Ankara.

Kampuni ya kwanza niliyoiandikia ilinitumia ratiba yenye vituo tisa katika siku moja. Niliirudisha nikiwa nimeandika swali lilelile mbele ya kila kituo: gari linafika wapi, na kutoka hapo kuna vidato vingapi? Hawakunijibu. Kampuni ya pili ilijibu swali moja moja, na ikaniambia waziwazi ni wapi pa kuacha kabisa. Hao ndio niliowalipa amana. Bado naamini swali hilo la vidato ndilo lililoiokoa safari yetu, kwa sababu anayeweza kulijibu amefika mahali hapo kwa miguu yake.

Jambo la pili lilikuwa kutenganisha dereva na mwongozaji. Uturuki mwongozaji wa watalii lazima awe na leseni, na dereva hawezi kuifanya kazi hiyo ndani ya maeneo ya kihistoria. Lakini hulazimiki kuwa na mwongozaji kila siku. Sisi tulimchukua siku tatu tu, kwa Çatalhöyük, Göreme na Hattuşa, mahali ambapo bila maelezo utaona mawe na udongo. Siku zilizobaki tulikuwa na dereva peke yake, na gharama ikapungua sana. Kabla ya kulipa niliomba nijibiwe kwa maandishi kama mafuta, maegesho, chakula na malazi ya dereva vimo ndani ya bei, na nani analipia gari kurudi tupu kutoka Ankara. Hilo la mwisho wengi hulisahau.

Konya ndiyo Ikonio ya Paulo na Barnaba, kwa hiyo mama alishuka kwenye treni akiwa tayari yuko mahali anapopajua. Asubuhi tulikwenda Çatalhöyük, kusini-mashariki mwa mji, uwandani. Ni kilima chenye mabaki ya makazi ya kale, na watu walianza kuishi hapo yapata mwaka 7400 KK. Mitaa haikuwepo. Nyumba zilishikana ukuta kwa ukuta, watu waliingia kwa ngazi kupitia tundu la paa, na wafu wao waliwazika chini ya sakafu waliyoilalia. Leo sehemu zilizochimbuliwa na wanaakiolojia zimefunikwa na mabanda makubwa, na kutembea ndani yake si kazi. Mama alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Sasa mgonjwa asiyeweza kupanda ngazi alitokaje?" Mwongozaji alinyamaza kidogo, akasema labda alibebwa. Njia nzima ya kurudi mama alikuwa akiliwaza jambo hilo.

Siku iliyofuata tulisimama Sultanhanı, nyumba ya misafara waliyoijenga Waseljuki, watawala Waturuki wa zama hizo, mwaka 1229. Nusu saa inatosha. Lango lake la mawe yaliyonakshiwa lisikupite, hata kama unaona dereva ana haraka.

Ihlara ndiyo niliyoiogopa kuliko kote. Ni korongo la kilomita 14 lililochongwa na mto Melendiz, na kwenye lango linalotumiwa na wengi kuna vidato karibu 400 vya kushuka, ambavyo baadaye lazima uvipande. Kampuni ilikuwa imeniambia: msiingilie hapo, nendeni Belisırma. Hicho ni kijiji kilichomo ndani ya korongo lenyewe, na gari hushuka mpaka karibu na maji. Tulipofika tukakuta majukwaa ya mbao yamejengwa juu ya mto, yana mito ya kuegemea, na samaki wanakaangwa kando. Mama alivua viatu, akaketi, akaangalia kuta za mwamba zilizosimama pande zote mbili zikiwa na matundu ya milango juu kabisa, mahali ambapo leo huwezi kuona mtu angepandia wapi. Halafu alitembea kwenye njia ya kando ya mto, chini ya miti, akipumzika kila alipotaka. Hakuna aliyemwita arudi kwenye basi. Mimi nilipanda peke yangu mpaka Direkli, kanisa lenye nguzo lililochongwa ndani ya jabali, nikarudi kumsimulia. Nilimkuta na dereva wanakunywa chai. Dereva alikuwa ameanza kumwita "teyze", yaani mama mdogo, na kuanzia hapo hakuliacha jina hilo. Tulikaa Ihlara saa nne. Kwenye ratiba ya kwanza ilikuwa imepewa saa moja.

Göreme, mji mdogo wa Kapadokia, tulilala siku tatu mfululizo kwenye hoteli ileile, na hilo pia nalipendekeza, kwa maana kufunga mizigo kila asubuhi kunachosha kuliko barabara. Mwamba wa pale ni majivu ya volkeno yaliyorushwa mamilioni ya miaka iliyopita na milima kama Erciyes na Hasan, yakashikana yakawa jiwe laini. Ukilichonga jipya linakubali chombo, likikaa kwenye hewa linakuwa gumu. Ile minara ya mwamba ya Kapadokia yenye kofia ilitokea kwa sababu jiwe gumu la juu liliikinga sehemu iliyo chini yake, huku mvua ikila pembeni. Kofia ikianguka, mnara nao huanza kuisha. Mwongozaji alituonyesha mmoja uliokwisha kuvuliwa kofia, na baada ya hapo mama hakupita mnara bila kuangalia kichwa chake.

Kwenye jumba la makumbusho la wazi la Göreme tulifika lango linapofunguliwa. Njia yake ina mwinuko, na makanisa mengine yana ngazi za chuma, kwa hiyo tulichagua machache. Kanisa la Giza lina tiketi yake ya ziada, nami nasema lipa. Lilikuwa na dirisha dogo tu, mwanga haukuzila rangi, na picha za ukutani bado zimekoza. Kupiga picha ndani hairuhusiwi, jambo lililomfaa mama, kwa kuwa watu walisimama kimya wakatazama. Halafu usiondoke bila kuingia kanisa la Tokalı. Liko nje ya lango, ng'ambo ya barabara, na tiketi ni ileile, lakini wengi hulipita wakidhani wamemaliza. Bluu yake ilitokana na jiwe la lapisi lazuli lililosagwa. Sisi tulikwenda kwanza kupumzika kwenye gari, ndipo tukaingia, na mama akakaa humo muda mrefu kuliko popote.

Puto la hewa moto, lile la kubeba watalii angani, nililiulizia mapema. Nikaambiwa kuingia kwenye kikapu ni kwa kupanda ukingo, na wakati wa kutua unakunja magoti ujikaze. Tukaliacha. Kila alfajiri mamlaka ya usafiri wa anga ndiyo inayoamua kama yataruka. Asubuhi ya kwanza upepo ulikataa, ya pili yalipaa yote, nasi tukayatazama kutoka kwenye paa la hoteli tukiwa na mablanketi. Anayetaka kuruka aweke siku yake ya kwanza, ili akikosa awe na nyingine.

Derinkuyu, mji wa chini ya ardhi unaofika kina cha mita 85 hivi, niliingia peke yangu, na nilikosea saa. Nilifika katikati ya asubuhi makundi yalipokuwa yamejaa, nikasubiri nimeinama kwenye njia ambayo watu wawili hawawezi kupishana. Fika mapema sana, au jioni.

Siku ya sita ilikuwa ndefu, barabara ya kwenda Hattuşa, mji mkuu wa Wahiti. Mama aliuliza kama ndio wale wa Uria wa kwenye Biblia. Mwongozaji alimweleza kwamba dola iliyotawala kutoka hapa ilianguka karibu mwaka 1200 KK, kabla ya Daudi, na kwamba jina la Wahiti liliendelea kutumika kusini baada ya hapo. Hapa gari binafsi ni la lazima: magofu yametawanyika kilimani, na barabara inayazunguka kutoka lango hadi lango. Tulishuka Lango la Simba, tukashuka tena Lango la Mfalme, ambapo mwanamume mwenye shoka amechongwa ukutani. Mwongozaji alisema ni mungu wa vita, si mfalme, na kwamba yule pale ni nakala. Yazılıkaya, hekalu lililo katikati ya majabali kando ya mji, tuliliweka mwisho. Miungu kumi na wawili wanakimbia kwa mstari ukutani, na mama aliwahesabu kwa kidole.

Kesho yake tuliingia makumbusho ya ustaarabu wa Anatolia, Ankara, tukiwa na saa tatu kabla ya kwenda uwanja wa ndege. Mama alikuwa mbele yangu. Alisimama ghafla mbele ya mchongo mrefu wa jiwe, mwanamume na shoka lake.

"Huyu si tulimwacha jana kule kilimani?" akaniambia, akatafuta benchi, akaketi kumtazama.