Mbao za mti wa mpira: kazi huanza siku ya kupasua gogo

Kabati langu la kwanza la mbao za mpira lilidumu mwaka mmoja tu. Siku moja nilikuta vumbi laini kama unga limelundikana chini ya rafu. Nikabonyeza ubao kwa kidole, ukabonyea. Ndani ulikuwa umeliwa wote. Iliniuma, maana mbao hizi nazipenda: rangi yake kama maziwa, si nzito, na randa hupita bila kugoma.

Kosa lilikuwa langu. Mti wa mpira hugemwa utomvu miaka 25 hadi 30, ukichoka ndipo hukatwa. Shina lake limejaa wanga na sukari, chakula cha dumuzi, mdudu anayetoboa mbao, na cha ukungu. Mimi nilipasua gogo, nikaziacha mbao kivulini wiki mbili nikisubiri nafasi. Michirizi ya buluu ya ukungu ikaingia, nikadhani msasa utaitoa.

Mara ya pili gogo lilipasuliwa asubuhi, na kabla ya jua kuzama mbao zote zilikuwa zimezamishwa kwenye maji ya moto yenye boraksi na asidi ya boriki, dawa za boroni za kuzuia wadudu na ukungu. Nikazibananisha zikiwa bado mbichi, nikazifunika kwa plastiki wiki nne. Hapa ndipo wengi huishiwa subira. Dawa husafiri ndani ya ubao kwa kufuata unyevu. Ubao ukikauka mapema, dawa hubaki juu juu, na randa ikipita huondoka nayo. Zilipoiva nikazipanga upya, vijiti katikati ili hewa ipite, na mawe mazito juu, kwani hupenda kujipinda zikikauka.

Kuunda hakukunisumbua. Misumari niliiacha, hupasua ncha za ubao. Nilitoboa kwanza kwa keekee, ndipo nikatia skrubu. Gundi inashika vizuri ajabu, ndiyo maana viwanda huunga vipande vifupi vya mbao hizi vikawa meza pana.

Nje ya nyumba siziweki, hata zikiwa na dawa. Mvua huiyeyusha dawa hiyo ya boroni ikatoka, na ubao hurudi kuwa chakula.

Kabati la pili sasa lina miaka sita. Kila nikifagia chini yake huinama kutazama kama kuna ule unga. Bado sijauona.