Siku moja maishani mwangu: dereva wa watalii New Mexico, Marekani

Saa 12 asubuhi. Nakwangua barafu kwenye kioo kwa kadi ya benki iliyokwisha muda. Oktoba hapa Santa Fe si mchezo. Leo nina abiria wanne wa kwenda Ojo Caliente, kilomita kama 80 kaskazini.

Saa 3. Tumefika. Wawili wanakimbilia maji ya moto. Yapo ya chuma, ya magadi, ya lithiamu na, ndiyo, ya arseniki. Mmoja akishasoma kibao cha hilo la mwisho hunitazama kana kwamba nimemleta kuuawa.

Saa 4. Wawili waliobaki, mzee na mkewe, wanataka kupanda Posi-Ouinge, kijiji cha kale cha mababu wa Watewa, wenyeji wa asili wa huku. Njia ni fupi, inaanzia hapo hapo kwenye chemchemi, ila huku juu, mita karibu 1,900, pumzi hukatika upesi.

"Magofu yako wapi?" mzee anauliza.

Umesimama juu yake, mzee wangu.

Kila safari ni hivyo hivyo. Watu hutarajia kuta. Hapa inakadiriwa palikuwa na vyumba zaidi ya 1,000, vya udongo uliokandwa, na wenyewe waliondoka karne ya 16 ilipoanza. Sisi tuliolelewa kwenye nyumba za udongo tunajua: asipokuwepo wa kukandika, mvua humaliza kazi. Pamebaki matuta yenye majani makavu. Kwetu Tanga, msikiti wa Tongoni ni wa matumbawe na chokaa, ndiyo maana kuta zake bado zimesimama.

Hapa tazama chini. Vigae vya vyungu vimetapakaa kila hatua. Nainama kuwaonyesha kimoja bila kukiinua: ukubwa wa kucha ya dole gumba, rangi ya jivu, mistari miwili myeusi inayokutana pembeni. Aliyeichora hakutetemeka mkono.

Saa 5. Namwona mzee akitia kigae mfukoni. Namweleza kwa upole kwamba sheria ya mwaka 1979 inakataza kuondoa vitu vya kale kama hivi, na kwamba wajukuu wa kijiji hiki wapo, Ohkay Owingeh, kijiji chao cha leo, tumeipita asubuhi. Anakitoa, anakitupa miguuni pake. Namwomba akirudishe pale pale alipokiokota. Anageuka, anatazama matuta. Hapakumbuki.

Tunashuka kimya. Mkewe ndiye anayeuliza habari za chemchemi, namsimulia ya Poseyemu, shujaa wa Watewa, ambaye bibi yake husemekana bado anakaa ndani ya mojawapo.

Saa 10 jioni narudisha watu hotelini. Bahashishi ya kawaida. Mzee amenipa mkono tu.

Saa 2 usiku napiga simu Tanga, huko ni saa 11 alfajiri.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Leo umeoga yale maji ya moto?"

"Sijaoga mama. Nilikuwa kazini."